Kazi ya Mtu wa Katikati

Nassor, ndugu yangu,

Mungu akurehemu, na akupe subira ya kunisikiliza mpaka mwisho. Mwandiko wangu usiucheke. Nimezunguka na kalamu hii tangu nilipoamka, na sasa nitalisema tu.

Mama yako hajui kama umekufa.

Najua utakavyoshtuka. Mwaka mzima umo kaburini, na mimi ndiye niliyebeba dhamana ya kuleta khabari. Nimeileta, wallahi. Nimeileta mpaka mlangoni mwake, huku Matrah alikohamia kutoka Unguja, nikaingia nayo ndani, nikanywa nayo kahawa, nikatoka nayo. Na si mara moja. Leo Ijumaa, tukishasali, nakwenda tena. Ananingoja kwa chakula.

Ngoja nikueleze kabla hujanilaani. Ulipokufa, wenzetu pale chuoni Marekani waliniuliza mbona siandiki kwenu. Ningemwandikia nani? Mama yako hasomi. Barua angesomewa na ami yako Hamed kwa ile sauti uliyokuwa ukiniigizia, sauti ya mtu anayenadi ng'ombe. Nikasema khabari ya mtoto haitiwi kwenye bahasha. Huletwa na mtu, akaketi, akamshika mkono mwenye msiba. Ndivyo tulivyolelewa sote. Lakini mtu mwenyewe asingeweza kuingia nchi hii ya Omani, unajua ilivyokuwa imefungwa, mpaka mwaka huu alipoingia sultani mpya na tukaanza kutafutwa sisi wa Unguja tuliosoma, popote tulipotawanyika. Nimepata kazi katika ofisi ya serikali hapa Maskati. Usidhani ni jambo kubwa; ofisi ina meza mbili na feni moja, na feni ni ya mkubwa. Sikuwa nimefungua hata sanduku langu vizuri nilipokwenda kwa mama yako.

Nilikuwa nimejitayarisha. Maneno niliyapanga njia nzima kutoka Maskati hadi Matrah. Mlango ukafunguka, akaniona nimeuziba kwa mabega, akajua mimi ni nani kabla sijafungua mdomo.

“Wewe Khalfan! Nassor aliniandikia habari zako, kabla barua zake hazijakatika. Karibu, karibu baba. Mwanangu hajambo?”

Nikasema, “Hajambo, mama. Salama tu.”

Sasa wewe ungesema nini? Sisi watu wa Unguja hata nyumba ikiungua, ukiulizwa khabari unajibu njema kwanza, ndipo unapoongeza kwamba paa limeshika moto. Ile njema si uongo, ni adabu ya kuingilia. Nilikuwa na “lakini” yangu tayari kwenye ncha ya ulimi. Mama yako hakuingoja. Alipiga kigelegele kimoja, majirani wakamiminika, mmoja na shanga za tasbihi mkononi, mwingine na unga mpaka viwikoni. Mimi nimesimama katikati yao na lakini yangu, naimeza kama mfupa wa samaki.

Haikuishia hapo. Ami Hamed akaja, tukaketi, tende zikapita, kahawa ikapita, naye akaniuliza kwa Kiarabu, kwa taratibu za wenyeji wanaongoja khabari rasmi ya mgeni: “Esh akhbar?” Na mimi, kama baba alivyonifunza tangu mdogo, nikajibu, “Kheir, alhamdulillah.” Nimejifungia mlango kwa lugha mbili.

Balaa la pili likawa ile picha. Nilikuja nayo nimpe baadaye, akishalia, imliwaze. Ikaanguka kutoka mfukoni nilipotoa kitambaa cha kufutia jasho. Unaijua: umevaa ile kofia ya chuma, mkono mmoja chini, mgongo umeulaza, uso hauonekani. Aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Mbona kainama hivi? Kapoteza nini?”

“Hakupoteza kitu, mama. Ndivyo anavyosimama mchezoni, ule mpira wa Kimarekani.”

Ami Hamed akaichukua, akaigeuza, akairudisha. “Ndiyo elimu ya Marekani hiyo? Mtoto wa watu kainamishwa kama punda anangoja shehena. Haya, huo mpira anaushika?”

“Haushiki.”

“Anaupiga teke?”

“Hapigi.”

“Basi yumo uwanjani kufanya nini?”

Hapo nikapandwa na hasira. Unanijua. Mtu akiidharau kazi ya katikati huwa sisikii tena la mwadhini. Nikasahau nilichojia, Nassor, Mungu anisamehe. Nilikusanya kokwa za tende kwenye sinia nikaanza kuwapanga watu, huku na huku, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Nikamwambia mpira wenyewe si wa duara, una umbo la papai changa, na haukai kwa miguu, unachukuliwa mikononi kama mtu anayekimbia na mtoto. Wale wanataka kupita nao, sisi tunazuia. Watu elfu wamekaa wanatazama, na wote wanamtazama mwenye papai. Hakuna anayewatazama wawili, mimi na Nassor, walioinama katikati ya ukuta wetu, pua kwa pua na majitu.

Nilimwambia kila nilichojifunza kwako. Kwamba njia fupi kuliko zote ni ya katikati, na mwenye papai hahitaji ujanja wala mbio ikiwa pale pamefunguka. Kwamba wenzetu wanaokimbia pembeni kwa madaha wanaweza kuwa hodari kwa sababu tu katikati pamefungwa; mshambuliaji akikosa pa kupita ndipo anapolazimika kuzunguka, na akizunguka ndipo anapokamatwa. Kwamba mtu wa katikati akiwa mzuri hasa, wale hawathubutu kumpa mtu mmoja wa kumkabili. Wanampa wawili. Na wawili wakishughulika na mmoja, hesabu yao imeshaharibika, kuna mtu wetu nyuma yake hana wa kumgusa. Huyo ndiye anayemwangusha mwenye papai, ndiye anayeshangiliwa, na jina lake ndilo linalotoka gazetini.

“Na Nassor?” mama yako akauliza.

“Nassor yuko chini ya wale wawili, mama. Anacheka.”

Na ndivyo ulivyokuwa. Nakuona sasa hivi ukiinuka pale chini, nyasi kwenye meno, unaniuliza, “Umeona tulivyomkamata?” Tulivyomkamata! Wewe hukumwona hata rangi ya viatu. Yule kijana wa nywele za manjano aliyekuwa akicheza nyuma yako ndiye aliyejua, ndiyo maana kila Jumapili alikuletea keki ya matofaa kutoka kwao. Alijua makofi yake yanatoka wapi.

Na mimi ulivyopata kazi kunifunza! Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kukimbia. Kila mpira ukitolewa nainua kichwa niutafute, na kila nikiinua kichwa najikuta nimelala chali natazama mawingu. Ukanipeleka jikoni mwa chuo, tulipokuwa tukifanya kazi ya kubeba viazi, pale pale mwalimu wa mpira alipokuona umebeba magunia mawili kwa mpigo akasahau kunywa chai yake. Ukaniambia niusukume mlango wa ghala wakati wewe umeushika upande wa pili. Nimesukuma mpaka nikaona nyota. “Wacha kuutafuta mpira, Khalfan,” unaniambia kupitia ufa wa mlango. “Utakuja wenyewe. Wewe mshughulikie aliye mbele yako, na ushuke chini, bado uko juu, shuka.” Na wapishi wanatutazama wanadhani tumegombana.

Haya. Mama yako aliuelewa mchezo kuliko wanafunzi wenzetu wote. Nilipokwenda mara ya pili nikamkuta anamweleza jirani: “Wangu mimi hapewi mtu mmoja. Hupewa wawili.” Mara ya tatu alimrekebisha ami yako, aliyesema kazi hiyo hata ukuta unaiweza. “Ukuta hauchagui pa kusimama, Hamed.” Nilitamani ungemsikia. Na nilipokuwa nacheka ndipo nikakumbuka kwamba kila kokwa ninayoiweka kwenye sinia inamjenga Nassor aliye hai. Ananiuliza unakula nini, bado unakoroma, utakuja kwa ndege au kwa meli. Namjibu kwa kikohozi. Nimekuwa mtu wa kukohoa.

Na sasa muda umeniishia. Juzi kafika kijana mmoja wa kwetu kutoka Kairo, tukakutana kibarazani nje ya msikiti. Akanishika mkono akanipa pole yako. Huko Kairo wanajua! Nikamvuta pembeni nikamwomba afunge mdomo mpaka Ijumaa. Alinitazama kama amenikuta na mkono kwenye sanduku la mtu. Hapa kila wiki wanashuka watu wetu, na kila anayeshuka huenda Matrah kusalimia. Mmoja atamkuta mama yako sokoni ananunua vitunguu atamwambia, “Pole na msiba.” Hivyo tu, mbele ya muuza vitunguu.

Naogopa atakufa. Naogopa zaidi hataniangalia tena, na nani mwingine ninaye hapa? Hilo ni la ubinafsi, najua, lakini wewe nikufiche nini.

Adhana hiyo. Nakwenda. Nitaimalizia nikirudi.

*

Nassor, nimerudi kwenye barua hii Jumatatu, alasiri. Matanga yako yamekwisha.

Nitakwambia kama ilivyokuwa.

Alikuwa kapika boko boko, ngano na nyama, kaipiga mpaka imekuwa laini kama malai, na samli juu. Nilikula bila kuonja. Ami Hamed yupo, hajaacha ubishi wake. Tulipomaliza, mama yako akaosha mikono, akachukua sinia, akazipanga kokwa yeye mwenyewe, bila kuniuliza hata moja. Huku kumi na mmoja, huku kumi na mmoja.

“Huyu Nassor,” akasema, “na huyu wewe. Sasa nnataka uniambie kitu, Khalfan, ami yako akome kunichosha. Tuseme siku hiyo Nassor hayupo.” Akaiokota kokwa yako, akaifumbata mkononi. “Inakuwaje?”

Nilianza kumjibu, Nassor. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nilianza kumjibu kama mtu aliyeulizwa bei ya mchele. Nikamwambia wanapita, mama. Wanapita pale pale. Wananisogeza mimi niingie pahala pake, wananitia wale wawili, mimi sina miguu ya Nassor, naanguka. Kijana wa nyuma, aliyezoea kuwa huru, sasa anavamiwa na mtu wa tatu, hamfikii mtu. Mwalimu anapiga kelele tuongeze mtu katikati. Tunaongeza, tunapungukiwa pembeni, na wao wanapita pembeni. Wale hodari wetu wa mbio wanakimbia huku na huku kama kuku, hawajui tena wamkamate nani. Kakosekana mtu mmoja asiyegusa mpira, na sote tuliobaki tumesahau kazi zetu. Mpaka jua linakuchwa wanapita tu. Watazamaji wenyewe wakaanza kutafuta kwa macho nani hayupo.

Nilikuwa nazisukuma kokwa kwa kidole, moja moja, kupitia ule mwanya. Nikainua kichwa. Mama yako hakuwa anatazama sinia.

“Hii siku ya kweli,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Na mwanangu alikuwa wapi?”

Ami Hamed akaweka kikombe chini. Nilikwenda kwa magoti mpaka alipoketi, nikamshika mkono ule uliofumbata. Nikamwambia, “Tulikuwa tumeshamzika, mama. Wiki iliyotangulia. Gari ya mwenzetu iliteleza njiani kwenye barafu.”

Nilingoja ukelele. Hakupiga. Aliifumbata kokwa yako, basi, hakuiachia. Ami Hamed akasema “Inna lillahi,” akarudia, na ile sauti ya mnada ikawa haipo kabisa.

Kisha mama yako akauliza la kwanza. “Nani kamwosha?”

“Mimi, mama.”

“Unajua kuosha?”

“Sikuwa najua vizuri. Tulikuwa watatu, mimi na Msudani na mmoja wa Pakistani. Kila mmoja alikumbuka kipande.”

“Mlianza wapi?”

“Kulia, mama. Na mara tatu, na ya mwisho kwa kafuri. Tuliisaka kafuri mji mzima.”

“Kasaliwa?”

“Kasaliwa.” Nikamwambia hatukuweza kukubeba watatu kwa uzito wako, na wale wenzetu wa uwanjani, ambao si Waislamu, walikuja wakatusaidia. Yule wa nywele za manjano alivua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu, akasimama na soksi mpaka tulipomaliza kusali.

Halafu akauliza: “Maji yalikuwa ya moto?”

“Ya vuguvugu.”

“Na nje?”

“Theluji, mama.”

“Aa,” akasema. “Mwanangu na baridi. Mtoto yule hata Unguja akilala na shuka mbili.” Na hapo ndipo alipolia, Nassor, na mimi nikalia, na ami yako akatoka kwenda kuwaambia watu msikitini huku amevaa viatu vya nani sijui, si vyake.

Siku zile za matanga ami yako alinikalisha mstari wa wenye msiba, ubavuni pake. Watu wanaingia, wanatupa mkono, wanakaa, wanasoma. Nilimsikia akiwaeleza wageni, na mengine anayakosea lakini hakuna anayethubutu kumsahihisha: “Marehemu alikuwa akishika katikati. Kazi kubwa hiyo. Nyinyi hamuijui.” Mzee mmoja wa Nizwa, mji wenye ngome, akaitikia kwa heshima kabisa, akidhani labda ulikuwa unalinda ngome.

Lakini mama yako hakunisemesha. Yeye yuko ndani na wanawake, mimi nje, na kila pazia likitikisika nageuka kutazama. Chakula kililetwa, hakikuletwa na neno. Nilisema basi, nimemfanyia jambo lisilofutika, nimemlisha furaha ya uongo siku zote zile, sasa ataniogopa kama anavyoogopwa bundi.

Leo asubuhi akaniita. Kavaa nyeupe, macho yamevimba, lakini kakaa wima.

“Umeniacha nikacheka, Khalfan. Wiki nzima nnacheka na mwanangu yuko chini. Kwa hilo leo sikusamehe. Njoo uniulize kesho.”

“Inshallah, mama.”

“Sasa nifuate.”

Akanifungulia chumba cha nyuma. Ndani mna kitanda kipya, bado kinanukia mbao, kamba zake nyeupe hazijakaliwa na mtu. Siku ile ya kwanza nilipomwambia umekuwa jitu, alikwenda kwa seremala kule sokoni akaagiza kitanda chako. Seremala kamuuliza kipimo. Kamwambia, kama huyu mgeni aliyetoka kwangu sasa hivi, ila ongeza kidogo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kusema nisamehe, akanikata.

“Nyumba hii sote wembamba,” akasema. “Hamed akilala hapa atapotea. Lete nguo zako.”

Kwa hiyo nahama, ndugu yangu. Sanduku liko mlangoni na nangoja gari ya kwenda Matrah, na hofu yangu haijapungua hata chembe. Sijui nitajibu nini akiniita kwa jina lako. Sijui kama mtu anaweza kula mezani kwa mama wa mwingine akashiba. Mimi wangu alifariki nikiwa mbali, na sikuwahi kumwambia mama yako hilo, lakini nadhani keshajua.

Kwaheri, Nassor. Mungu akufungulie, akupe joto. Nakuahidi hivi: kila asubuhi kabla sijakwenda kazini nitamwuliza kama kanisamehe, na akisema bado, nitarudi jioni kwake, nitakula, nitalala, na kesho yake nitamwuliza tena. Na kitandani nitalala ukingoni, ile nafasi uliyoongezewa wewe nisiiguse.

Nduguyo,
Khalfan